Karai la Makaa

Gari lilikataa kupanda mlima wa Shar siku ya Jumatatu, saa tano asubuhi, na wala halikuwa limebeba kitu. Oyuntugs alikanyaga mafuta mpaka mguu ukafika chini, injini ikalalamika, magurudumu yakazunguka kidogo, kisha gari likasimama na kuanza kurudi nyuma pamoja na trela lake. Akapiga breki. Akajaribu tena, halafu mara ya tatu. Baba yake, mzee Gonchig, alikuwa kiti cha pembeni na kofia yake ya manyoya magotini, anatazama mbele bila kusema neno. Mtu anayemjua angeshangaa papo hapo, maana mzee huyo aliendesha malori ya serikali miaka ishirini na saba, na hajapata kukaa kwenye gari la mwingine bila kumfundisha kuendesha.

"Giaboksi haibadilishi gia," Oyuntugs alisema. "Imeng'ang'ania moja, na siyo ya mlima. Unaisikia, baba?"

"Naisikia."

"Na hii taa inayowakawaka ni ya nini?"

Mzee aliiangalia ile taa ya njano kwenye dashibodi kama mtu anayemwangalia mdai wake sokoni, kisha akasema hajui, magari yao ya zamani hayakuwa na taa.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la milimani, lenye umri wa miaka ishirini na minne na giaboksi ya otomatiki. Ule mkono wa pili wa gia, wa kupandia miinuko mikali, ulikuwa umeganda tangu mwaka juzi na hakuna aliyeuhangaikia, kwa sababu gari lilipanda vizuri tu bila huo. Nyumbani waliliita Khongor, kama ambavyo wangemwita farasi wa rangi ile ya majani makavu. Basi siku hiyo Khongor alirudishwa kinyumenyume mpaka bondeni, trela likipinda huku na huku, na Oyuntugs akitoa kichwa dirishani kwenye baridi inayokata masikio.

Ng'ambo ya mlima, kwenye ghala la wilaya, kulikuwa na nyasi. Kila kaya ilipangiwa marobota thelathini, kuanzia Jumatatu hiyo mpaka Jumatano saa nane mchana. Atakayechelewa, mgao wake wanagawana waliopo. Nyumbani walikuwa wamebakiza mbuzi na kondoo mia moja na kumi na saba, kati ya mia tatu na arobaini wa msimu wa vuli. Ukimwambia mtu wa mjini kwamba mnyama anakufa njaa akiwa amesimama juu ya malisho yake mwenyewe, atakuona mwongo. Lakini ndivyo zud ilivyo: theluji inaanguka, inayeyuka kidogo, halafu inaganda kuwa barafu ngumu kama sakafu, na majani yako chini yake, mnyama anayanusa tu. Farasi nao walikuwa wamebaki mbavu, hakuna wa kumvalisha tandiko akavuka Shar akarudi hai. Bila Khongor hakuna nyasi, na bila nyasi hakuna mifugo. Kaya isiyo na mifugo kule haina la kufanya ila kukunja hema na kwenda kuomba kiwanja pembeni mwa mji.

&nbsp;

Yanjmaa, mke wa Gonchig, aliwapokea mlangoni. Alitazama trela tupu, akamimina chai ya chumvi bakuli mbili, na hakuuliza mpaka wakanywa. Asubuhi ile walikuwa wamekufa sita. Alikuwa amewachuna wanne kabla hawajaganda, wawili wakamshinda kisu.

Oyuntugs akamweleza. Yanjmaa hakuelewa habari za giaboksi, ila alielewa Jumatano saa nane. Akamwambia binti yake ampigie yule fundi wake wa mjini.

Fundi huyo, Nergui, hakuwa wake kwa maana ile ambayo majirani wangependa iwe. Kabla hajarudi kwao, Oyuntugs alikaa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, miaka minne akikaanga khuushuur na kuwauzia mafundi wa magari, na mtu akiuza maandazi ya nyama miaka minne kwenye gereji, masikio yake nayo yanajifunza kazi. Shida ilikuwa mtandao. Ulipatikana juu ya kilima cha nyuma ya hema tu, mwendo wa nusu saa kwenye theluji, na kifua cha Oyuntugs kilikuwa kibovu tangu nimonia ya mwaka uliopita.

Siku ya Jumanne alipanda kilima kile mara mbili. Mara ya kwanza Nergui alimsikiliza, akauliza kama amepima mafuta ya giaboksi. Alikuwa amepima.

"Umepimaje, dada khuushuur?"

"Nimechomoa kijiti, nimetazama. Yako chini ya alama."

"Injini ilikuwa imezimwa?"

"Imezimwa, na ya baridi."

"Basi hujapima kitu. Hayo siyo mafuta ya injini. Simamisha gari mahali tambarare, liungurume mpaka lipate moto vizuri, pitisha gia zote moja moja, rudisha ya kuegesha, na injini usiizime. Hapo ndipo uchomoe kijiti. Kifute, kirudishe, kichomoe tena. Udondoshee kwenye karatasi nyeupe, utazame rangi, halafu unuse. Kunusa ndiyo kazi yenyewe."

Alishuka akafanya hivyo hivyo. Aliliacha gari likiunguruma hatua mbili kutoka mlangoni, akachana ukurasa mweupe wa daftari la mama yake, akadondoshea mafuta. Yalikuwa mekundu, yamefifia kama chai ya pili, lakini mekundu. Alinusa mpaka pua ikagusa karatasi. Akamwita na mama yake anuse. Yanjmaa akasema yananuka mafuta, alitaka yanuke nini? Na sasa, kwa moto, yalikuwa yamefika kwenye alama.

Akapanda tena kilima na ile karatasi kifuani kama barua ya hospitali. Nergui alifurahi kwa sauti.

"Halijafa hilo. Yangekuwa meusi na yananuka sufuria iliyoungua, ningekwambia ulizike. Mgonjwa asiyenuka hajaoza. Sikiliza sasa, hiyo taa inayowakawaka maana yake giaboksi haipati habari kutoka kwenye ubongo wake, ile kompyuta ndogo ya gari. Ikikosa habari inaogopa, inashika gia moja ili usiiue. Ni waya tu, dada. Ubavuni mwa giaboksi, upande wa kushoto, kuna soketi yenye waya nyingi nyembamba. Itazame. Jiwe huigonga, barafu huivuta. Na samahani kwa kuuliza, kuna mtu huko anaweka moto chini ya gari?"

"Baba anaweka. Nani haweki? Lakini chini ya injini. Giaboksi nilimkataza tangu vuli, akaniahidi."

"Haya. Itazame kwanza, halafu unipi..."

Simu ikazima kwa baridi. Oyuntugs aliitia kwapani, akasubiri, wapi, haikuwaka. Akashuka anakohoa, lakini anashuka na matumaini, na matumaini hayo ndiyo yaliyokuja kumuuma baadaye kuliko baridi.

&nbsp;

Hapa lazima niseme lililotokea Alhamisi iliyotangulia, maana mzee mwenyewe hakulisema.

Kule kwetu asubuhi ya baridi kali injini haiwaki mpaka ibembelezwe. Unafunika boneti kwa sufi na magodoro, unachota makaa ya samadi jikoni, unayatia kwenye karai, unalisukuma chini ya gari na kusubiri. Enzi za malori, Gonchig alikuwa akianza mbele, akifika nusu saa analivuta karai nyuma kidogo ili na giaboksi ipate joto, kwa sababu mafuta ya giaboksi za lori huganda yakawa mazito kama lami. Lori ni chuma kitupu, linavumilia. Kwa mtindo huo aliendesha miaka ishirini na saba na akapewa nishani, ambayo mpaka leo imetundikwa juu ya kabati ukutani mwa hema, imeng'arishwa kuliko vyombo. Msimu wa vuli Oyuntugs alimwambia, "Baba, hili siyo lori. Nyuma kuna waya na plastiki. Moto ubaki mbele." Mzee akaahidi.

Alhamisi ile baridi ilifika arobaini na nne chini ya sifuri. Mkono wa mtu una mazoea yake. Alilivuta karai nyuma kama alivyolivuta maelfu ya siku, halafu akasikia jike la farasi limeanguka zizini, akakimbia kulisimamisha. Aliporudi alinusa plastiki. Alimwaga theluji juu ya makaa, akasimama, akatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Gari liliwaka vizuri, na halikwenda popote mpaka Jumatatu. Siku zote hizo alijiambia kwamba si kitu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, tunasema hivyo kwa ajili ya wengine, sisi wenyewe tunaendelea kuficha.

Basi Oyuntugs aliposhuka kilimani na kusema anataka kutazama soketi iliyo chini ya gari, mzee aliinuka upesi kuliko alivyoinuka mwezi mzima. Akasema atalala yeye, kifua cha binti hakifai kulazwa kwenye theluji. Alitandika ngozi, akaingia chini na tochi. Oyuntugs alisimama nje, akiona viatu vyake tu.

Aliiona. Hakuhitaji hata tochi. Nusu ya soketi ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena, inaning'inia, na waya zake zimevuliwa ngozi na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Alilala pale akiitazama muda mrefu. Ukweli ulikuwa kinywani, maneno matatu tu. Alimfikiria binti yake akiwaambia watu kwamba baba alikatazwa. Alimfikiria Dash, jirani mwenye lori, akicheka. Akaona kwamba anaweza kuitengeneza mwenyewe kesho alfajiri, kimya kimya, na hakuna atakayejua kitu.

"Umeona nini, baba?"

"Barafu tu. Soketi iko sawa."

Viatu vilibaki vile vile kidogo, halafu akatoka, akajikung'uta theluji magotini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Oyuntugs aliketi kwenye kizingiti. Kama waya ni nzima, basi ni ubongo wenyewe au giaboksi yenyewe, na vyote viko mjini, kilomita mia saba, kwa bei ya gari zima. Hakulia. Alimwomba mama yake amsaidie kufunga kifua kwa skafu, akatembea kilomita nne kwenda kwa Dash.

&nbsp;

Jumatano kulipopambazuka mzee alikuwa tayari chini ya gari na kisu cha kuchunia. Zilikuwa waya nane. Bila miwani, na miwani yake ilikwisha kukaliwa na mbuzi wiki mbili nyuma, zote nane zilikuwa na rangi moja. Glovu hazikushika, akazivua. Waya ya kwanza ilikatika, ya pili nayo ikakatika. Vidole vilipogeuka vyeupe aliacha, akarudi ndani, akavificha kwenye mikono ya joho. Yanjmaa alimuuliza alikuwa wapi.

"Kwa wanyama."

"Wangapi?"

Hakujua. Yanjmaa alimtazama, akaenda kuhesabu mwenyewe. Usiku ule walikuwa wamekufa kumi na tisa, mbali na ishirini wa Jumanne.

Saa mbili Dash akafika na lori lake. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ambaye mifugo yake ilikuwa inakula kwa sababu alileta nyasi zake Jumatatu, na hakuona sababu ya kujificha kwa hilo. Alizunguka gari mara mbili, akapiga teke gurudumu, akaingia, akawasha, akakanyaga mafuta, akasikiliza injini ikinguruma bure. Kijiti cha mafuta hakukigusa.

"Giaboksi kwisha," alisema. "Otomatiki ni gari la watu wa lami, mzee Gonchig. Wewe mtu wa nishani uliliachaje likaingia boma lako?"

Oyuntugs alimwambia mafuta ni mekundu na hayanuki.

"Mafuta mekundu hayavuti trela, dada. Mimi si mtu mbaya. Nakwenda sasa hivi, nawaletea marobota yenu yote thelathini kabla ya jua kuzama. Nyinyi mnaniachia hili bati. Nitauza injini, nitauza magurudumu, nami nipate mafuta ya safari. Kuna mtu atakupa zaidi?"

Hakukuwa na mtu. Gari lile lilinunuliwa kwa mbuzi tisini na miaka minne ya khuushuur, na kila mtu aliyesimama pale alilijua hilo. Yanjmaa alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba saa zinakwenda. Oyuntugs aliingia ndani, akatoka na kadi ya gari na kalamu. Kalamu ilikuwa imeganda wino. Akaitia mdomoni kuipasha moto, huku macho yameelekea zizini, ambako kondoo walikuwa wanatafunana manyoya ya mgongoni.

Mzee alikuwa amesimama kando ya boneti. Aliiona ile kalamu mdomoni mwa mtoto wake mtu mzima, akaona mashavu yake yaliyobabuka kwa baridi ya kilima. Oyuntugs akaijaribu kalamu pembeni mwa kadi, ikaandika, na nadhani mzee angekaa kimya hata pale, kama isingekubali upesi hivyo.

"Usitie sahihi," alisema.

Oyuntugs aliinua kichwa.

"Halijafa. Nimeliunguza mimi. Alhamisi nililivuta karai nyuma, soketi ikayeyuka. Jana nilipolala chini niliiona, nikakudanganya. Leo alfajiri nimejaribu kuitengeneza, nimekata waya mbili."

Dash alianza kucheka, kisha akaona hakuna anayecheka, lakini hakuweza kuacha mara moja. "Dereva wa nishani," alisema. "Mzee, kumbe umemchoma farasi mwenyewe." Alisubiri kidogo kama watabadili mawazo, akawaambia saa nane haimsubiri mtu, akapanda lori lake akaondoka. Hakuwa na haja ya kupunga mkono, ila alipunga.

Yanjmaa alimgeukia mumewe. Wamekaa pamoja miaka thelathini na tisa na hajapata kumkosea adabu mbele ya mtoto.

"Gari ningekusamehe siku ile ile," alisema. "Ungesema Jumatatu, hawa wangekula Jumanne."

Akashika kisu chake akaenda zizini.

Oyuntugs aliikunja kadi ya gari, akaitia mfukoni, akaivuta ile ngozi iliyotandikwa chini ya gari na kulala juu yake. Mkono wake ukatokea nje.

"Nishikie tochi."

&nbsp;

Ilimchukua zaidi ya saa mbili. Aliikata plastiki iliyoyeyuka, akazitenganisha waya moja moja kwa sindano ya kushonea buti, akazikwangua mpaka shaba ikang'aa. Kila akishindwa na rangi alipaka mate na kufuta. Alikohoa mpaka gari likawa linatikisika. Zile mbili zilizokatwa alfajiri ndizo zilizomlia muda, maana zilikuwa fupi, ikabidi azirefushe kwa waya wa redio. Redio hiyo ilikuwa ya mama yake. Kila waya aliizungushia plasta ya hospitali, halafu zote nane akazifunga pamoja kwa kitambaa, mbali na chuma. Mzee alishika tochi kwa vidole visivyohisi kitu, na ilipotetemeka alisikia sauti kutoka chini, "Tulia," akatulia.

Saa tano na nusu akawasha gari. Ile taa ya njano iliwaka, ikakaa, ikazima. Akaweka gia ya mbele, na Khongor akashtuka kidogo kama mtu aliyeitwa jina, akaondoka kwa nguvu. Wote wawili walisikia gia ya kwanza ikiiachia ya pili, na ya pili ikiiachia ya tatu. Kwa siku nyingine wangepiga kelele kwa furaha.

Walipanda Shar bila kusimama. Kileleni, penye rundo la mawe ambapo kila dereva huzunguka mara tatu kuomba safari njema, Oyuntugs alipiga honi mara tatu akapita, na mzee akafumba macho akaomba haraka haraka kwa wote wawili. Njiani mara moja tu mzee alianza kusema, "Mwanangu..." na Oyuntugs akamwambia amwache asikilize giaboksi.

Walifika ghalani saa tisa kasoro dakika kumi.

Karani alikuwa mwanamke mwenye koti refu, amechoka, na daftari mbele yake limekwisha kupigwa mstari. Aliwaonyesha jina lao. Marobota yao yaligawiwa saa nane na robo, kaya tano, kila moja sita. Hata hivyo aliona huruma, akawaruhusu wakusanye yaliyopasuka sakafuni. Walipata mzigo wa marobota manane, nyasi nyingine wakizifagia kwa mikono na kuzitia kwenye magunia. Watu waliokuwa wakifunga mizigo yao walimtambua mzee. Mmoja, aliyeendesha naye zamani, akamwuliza kwa mshangao kulikoni, yeye ambaye hajawahi kuchelewa mahali.

Gonchig angeweza kusema ni giaboksi. Kila mtu angeamini, otomatiki zina sifa mbaya.

"Niliunguza gari nikaficha," alisema.

Yule rafiki alitazama pembeni, akajifanya anakaza kamba. Oyuntugs, aliyekuwa amepiga magoti anafagia, alisikia. Aliendelea kufagia.

Walipokuwa wanaondoka, karani aliwafuata mpaka dirishani akawaambia kwamba kesho kuna lori la nyasi linaingia wilaya ya jirani, upande wa pili wa mto, halina majina wala daftari. Atakayewahi ndiye atakayepata.

&nbsp;

Jioni waligawa marobota manane kwa wanyama sabini na wawili. Ilikuwa konzi moja moja. Wengine walikuwa hawawezi tena kutafuna, nyasi zikakaa midomoni. Yanjmaa aliwafungulia taya kwa vidole akawasukumia ndani, akimwita kila mmoja kwa rangi yake, na mumewe alipokuja na gunia alilipokea bila kumtazama.

Alhamisi kulianza kupambazuka, saa ambayo siku zote mzee huwa ameshatoka na karai. Leo alikuwa amekaa kitandani, amevaa kila kitu, kofia kichwani, mikono katikati ya magoti. Vidole viwili vilikuwa vimevimba na kugeuka zambarau. Yanjmaa alichochea jiko, akampa chai. Alikunywa. Hakuinuka.

Oyuntugs alisubiri. Alijua, na baba yake alijua, kwamba bila moto injini haiwaki, na lile lori ng'ambo ya mto halina daftari. Mwishowe alichukua karai mwenyewe, akafungua jiko, akachota makaa koleo tatu. Akalibeba mpaka mbele ya kitanda cha baba yake na kulisimamisha sakafuni.

"Baba. Makaa yanapoa."

"Weka wewe, mwanangu. Mimi mkono wangu siuamini."

"Mimi nikiinama nakohoa." Bado alikuwa na hasira, ilionekana shavuni. "Twende. Nitakuonyesha pa kuweka."

Yanjmaa aligeuka jikoni akawatazama wote wawili, kisha akafungua mlango na kuushikilia wapite.

Nje mzee alipiga magoti, akalala kifudifudi kwenye theluji, akaanza kulisukuma karai taratibu chini ya injini. Alisimama.

"Hapa?"

Miaka ishirini na saba barabarani, na ishirini mingine ya kuwafundisha wenzake, na hakuwahi kumwuliza mtu swali hilo.

"Mbele kidogo."

Akasukuma. "Hapa?"

"Hapo hapo."

Oyuntugs hakurudi ndani. Alijifunika godoro lililobaki, akaketi kwenye theluji kando ya miguu ya baba yake, na wakalilinda lile karai wote wawili mpaka injini ilipokubali kuwaka.